Kamba Iliyofungwa kwenye Gari la Medard

MAELEZO YA SHAHIDI

Mahali: Kituo cha polisi cha kata, Wilaya ya Nansha, Guangzhou
Tarehe: Jumanne, 22 Oktoba 2024, kuanzia saa 8:15 mchana
Kuhusu: Upotevu wa pasipoti ya Medard Kaijage, raia wa Tanzania
Jina la shahidi: Kissa Mwakibinga
Umri: Miaka 44
Kazi: Mfanyabiashara wa nguo za harusi
Makazi: Xiaobei, Wilaya ya Yuexiu, Guangzhou
Lugha: Kiswahili, kupitia kwa mkalimani, Bi. Swalha Abdulwakil

Ofisa Kuang amenieleza kwamba niseme niliyoyaona na kuyasikia mwenyewe, na pale nisipojua niseme sijui. Nimeelewa. Nimekuja kwa hiari yangu. Hakuna aliyenifundisha la kusema.

Mimi ni mzaliwa wa Tukuyu, Mbeya, na duka langu liko Kariakoo, Dar es Salaam. Nina miaka tisa ya kuja na kukaa hapa Guangzhou. Ninanunua magauni ya bibi harusi na nguo za wasimamizi kule soko la Shisanhang, na viatu soko la Zhanxi, na kuvipeleka nyumbani. Medard Kaijage ninamfahamu tangu mwaka 2018. Ni mtu wa Bukoba, ana miaka thelathini na minane, na ameajiriwa na kampuni ya kusafirisha mizigo hapa Nansha. Yeye ndiye anayesimamia mizigo yangu inapopakiwa kwenye kontena. Hatuna undugu wa damu. Tunasali pamoja, na huniita dada.

Medard ana gari, au niseme alikuwa nalo. Lilikuwa gari kuukuu la kubebea mizigo, akaling'oa viti vya nyuma na kulifanya nyumba. Kitanda, kabati na meza ya kukunja alivitengeneza mwenyewe kwa mbao za paleti zilizotupwa bandarini, akazipiga msasa hadi ukipitisha mkono huchomwi hata na kibanzi kimoja. Ilimchukua miaka miwili, kila Jumapili baada ya ibada. Mimi nilikuwa namcheka. Nilimwambia, "Mtu mzima umepanga chumba kizuri, halafu unakwenda kulala kwenye gari?" Yeye alikuwa anacheka tu na kuendelea kupiga msasa.

Wenye magari ya namna hiyo wana kikundi chao, wanajiita Konokono, kwa kuwa kila mmoja anatembea na nyumba yake. Kiongozi wao ni jirani yangu, mlango wake unatazamana na wangu. Jina lake ni Liang Guizhen, ana miaka sitini na miwili, aliendesha basi la abiria mjini Guangzhou kwa miaka ishirini na saba hadi akastaafu. Sisi humwita Ayi Liang, yaani shangazi. Ndiye aliyenikaribisha safari ya Jumamosi. Aligonga mlango wangu Ijumaa jioni akaniambia, "Kissa, wewe unakaa Guangzhou lakini unaijua stoo na soko tu. Kesho panda gari langu." Nilitaka kukataa kwa kuwa bahari naiogopa na kuogelea sijui, lakini Ayi Liang hakataliwi.

Mnamo Jumamosi, tarehe 19 Oktoba 2024, saa tatu asubuhi, tuliondoka Xiaobei. Tulifika ufukweni, kusini kabisa mwa Nansha, saa tano na nusu. Medard alikuwa ameshafika. Jumla yalikuwa magari sita na watu kumi na wawili, mimi nikiwamo. Ufukwe wenyewe si wa kuogelea. Juu kuna ukuta wa mawe na uwanja wa kuegesha, kisha njia ya saruji inayoteremka, ambayo wavuvi huitumia kushushia mashua, kisha ukanda mwembamba wa mchanga mgumu. Baada ya hapo ni tope. Maji yakitoka, tope hilo linaonekana limetandaa mbali sana, linang'aa, na mtu asiyelijua hudhani ni mchanga uliolowa.

Naomba iandikwe kwamba nilikosea kuwadharau watu wale. Nilidhani nitakuta watu waliochoka na maisha. Nilikuta mwalimu mstaafu wa fizikia, Mwalimu Ou, akimpikia mke wake uji wa samaki huku akimsomea gazeti. Nilikuta wasichana wawili wanaouza kahawa kwenye gari lao, na hawakukubali nilipe kikombe. Kila aliyewasili alisaidiwa kunyoosha turubai kabla hajaomba. Saa saba tulikula pamoja kwenye meza tano zilizounganishwa, kila meza na kimo chake. Medard alipika ndizi na maharage. Mwalimu Ou alikula sahani mbili akauliza kama Tanzania kuna shule inayotaka mwalimu mzee. Sijacheka hivyo tangu nije nchi hii.

Saa tisa na dakika kumi alasiri liliwasili gari jeupe. Walishuka bwana na bibi harusi, mpiga picha mwanamume na msichana wa kumremba bibi harusi, wote wawili wa studio ya picha. Majina ya wanandoa niliyajua baadaye: mwanamume ni Luo Weijian na mwanamke ni Tan Yuqing. Hapa ni kawaida watu kupigwa picha za harusi kabla ya siku yenyewe. Mimi, kwa sababu ya kazi yangu, nililiangalia gauni kwanza: la kubana kifuani na kufungwa kwa kamba mgongoni, sketi ya neti tabaka sita, na ndani gaguro lenye pete za plastiki za kuipanua. Nililijua. Nimeshauza mengi ya namna hiyo.

Walipiga picha kwenye mchanga mgumu kwa muda wa kama nusu saa. Kisha upepo ukachukua shela. Niliona shela ikipaa chini chini na kutua kwenye tope, bwana harusi akaifuata akikimbia, watu wa studio wakicheka. Alikwenda mbali. Halafu akasimama. Nilidhani ameinama kuiokota, kumbe amezama hadi magotini. Bibi harusi akamwendea huku amenyanyua gauni kwa mikono miwili, naye akazama kabla hajamfikia. Kadiri walivyojivuta ndivyo walivyozidi kushuka. Ilikuwa saa tisa na dakika arobaini. Najua kwa sababu mpiga picha alikuja akikimbia, na Ayi Liang kabla ya kumjibu chochote aliangalia saa yake, kisha akaangalia baharini.

Ayi Liang alisema, "Maji yamegeuka." Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa. Mwezi ulikuwa umetimia siku mbili kabla, na alijua kwamba maji ya siku hiyo yangepanda kuliko siku nyingine. Mkalimani ameniambia kwamba watu wa pwani kwetu huyaita maji hayo bamvua. Mimi kwetu ni milimani, sikulijua neno hilo.

Mmoja wa wasichana wa kahawa alipiga simu ya zimamoto. Waliahidi kuja haraka, ila kituo kiko mbali. Mpiga picha alitaka kuingia kwenye tope, Ayi Liang akamshika ukosi wa shati. Alimwambia, "Ukiingia kwa miguu, tutakuwa na watatu."

Mwalimu Ou ndiye aliyesema la kufanya. Alisema mtu akisimama anazama, akilala juu ya kitu kipana hazami. Akauliza, "Nani ana mbao?" Kila mmoja alikimbilia gari lake. Niliwaona watu wale wakibomoa nyumba zao. Waling'oa vitanda, wakatoa magodoro, milango ya makabati, meza tulizolia. Wasichana wa kahawa walivunja kaunta yao kwa nyundo, ile waliyokuwa wameipaka rangi asubuhi ileile. Mke wa Mwalimu Ou, ambaye anatembea kwa fimbo, alikuwa anaburuta godoro peke yake. Medard alitoa kitanda chake kizima kwa mateke matatu. Miaka miwili ya msasa.

Tulipanga mbao juu ya tope moja baada ya nyingine kama njia. Aliyetangulia alikuwa Medard, amelala kifudifudi, akisukuma ubao mbele na kuutambalia, sisi nyuma tukimpitishia mwingine. Kutoka mchanga mgumu hadi kwa bibi harusi nakadiria ni mita thelathini. Bwana harusi alikuwa mita nane au kumi mbele yake.

Zilihitajika kamba za kuwashikilia wasizidi kushuka. Kamba za kuvutia magari zilikuwa sita, tukaziunga zote, lakini vyuma vya kufungia viko juu ya ukuta na kamba haikufika. Ilipungua sana. Medard alirudi akitambaa, akakimbia juu, akaliteremsha gari lake kwenye njia ya saruji hadi kwenye mchanga mgumu, mwisho kabisa, matairi ya mbele yakigusa tope. Alifunga kamba kwenye kulabu ya mbele. Hapo ikafika. Ilikuwa saa tisa na dakika hamsini na tano, au karibu na hapo.

Nimeulizwa kama kuna aliyemwagiza ateremshe gari. Jibu: Hapana. Gari lake ndilo lililokuwa karibu zaidi na njia ile, lakini hata la Ayi Liang lilikuwa hatua chache tu nyuma. Hakumsubiri mtu.

Kamba ilipelekwa kwa Luo kwanza, kwa kuwa ndiye aliyekuwa amezama zaidi, hadi kiunoni. Medard alimfikia, akamfunga chini ya makwapa, na kulala kwenye ubao mbele yake akiwa amemshika mabega. Wakati huo maji yalikuwa yameshaanza kuingia kwenye mifereji ya tope, membamba, bila kelele.

Bibi harusi alikuwa amezama mapajani. Mwalimu Ou na mpiga picha walimvuta mara mbili, hakutoka. Gauni lilikuwa limejaa tope tabaka zote sita, na zile pete za gaguro zilikuwa zimekaa chini ya tope zikimshika kama mtego. Mimi nilikuwa kwenye ubao wa nne kutoka nyuma. Nilipiga kelele kwa Kichina changu cha sokoni, "Gauni! Kateni gauni!" Hakuna aliyejua aanzie wapi. Nilikuwa na mkasi kwenye mkoba wa kiunoni. Sitembei bila mkasi. Basi nikatambaa. Sikumbuki kuamua. Nakumbuka Ayi Liang akinishika kifundo cha mguu na kuniambia, "Usiangalie maji. Angalia mkono wako."

Nilipomfikia, Tan Yuqing alishika gauni kwa nguvu akasema, "Si langu! Ni la kukodi!" Nilimwambia, "Meishi, meishi," yaani hakuna neno, na kwamba mimi kazi yangu ni magauni. Nadhani hilo ndilo lililomfanya aachie. Nilikata kamba za mgongoni, nikaingiza mkono kiunoni nikatafuta mshono unaoshika sketi, nikaukata kuzunguka, kisha nikakata mkanda wa gaguro. Sketi ikabaki kwenye tope kama ilivyo, imesimama. Mwalimu Ou alimwambia alale chali juu ya godoro na atoe mguu mmoja polepole, kisha mwingine. Alitoka. Ndani alikuwa amevaa kaptura na fulana. Ilikuwa saa kumi na dakika kumi na tano. Watu walimpitisha kwenye magodoro hadi nchi kavu, mke wa Mwalimu Ou akamfunika blanketi.

Mimi sikurudi nyuma. Ningerudi, ningewazibia njia waliokuwa wanampitisha. Kwa hiyo nilikuwa pale, mita chache nyuma ya Medard, na haya ninayoyasema sasa niliyaona na kuyasikia vizuri.

Maji yalikuwa yamefika kifuani kwa Luo. Kamba ilikuwa imekaza kutoka kwapani mwake hadi kwenye gari. Ndiyo iliyokuwa ikimzuia asishuke zaidi, na Medard alikuwa amemwinua kidevu kwa kiganja. Alikuwa anamsemesha bila kupumzika. Alimuuliza watakula nini siku ya harusi. Luo alijibu samaki. Medard akauliza samaki gani, amepikwaje, nani anapika. Luo alikuwa analia na kujibu.

Ayi Liang alipiga kelele kutoka kwenye mchanga, "Ade! Gari! Maji yamefika kwenye matairi!" Ade ndivyo anavyomwita Medard. Sote tuligeuka. Matairi ya mbele yalikuwa yameanza kuzama na gari lilikuwa limeinamisha pua. Ayi Liang aliendesha basi miaka ishirini na saba, alijua kwamba zikipita dakika chache halitoki tena. Aliuliza kama aingie alirudishe nyuma.

Medard aligeuza shingo akaliangalia gari. Nilimwona uso. Aliliangalia kwa muda wa kutosha mtu kuvuta pumzi mara mbili. Kisha akasema, "Ayi, likirudi kamba itamkata. Tukifungua kamba anakwenda chini. Liacheni."

Ayi Liang akasema, "Ade, ni gari lako."

Medard akasema, "Najua. Liacheni." Akamgeukia Luo akamuuliza, "Na wali? Mtapika na wali?"

Hakuligeukia tena. Nilikuwa nyuma yake hadi mwisho na nathibitisha kwamba hakuligeukia tena.

Zimamoto walifika saa kumi na nusu. Walikuwa saba, na machela za plastiki za kutelezea juu ya tope na pampu ya maji. Walifanya kazi nzuri sana na kwa utulivu. Mkuu wao alitambaa kwenye mbao zetu hadi mbele, akaingiza bomba kando ya miguu ya Luo na kusukuma maji ili tope lilegee. Maji ya bahari yalikuwa kwenye kidevu. Alitaka Medard arudi nyuma amwachie nafasi. Luo akamng'ang'ania mkono, basi mkuu yule akasema, "Haya, kaa, lakini usisogee." Saa kumi na dakika hamsini Luo alitoka. Alitoka bila viatu wala soksi. Aliposhushwa kwenye mchanga, bibi harusi alimpiga kofi la bega kisha akamkumbatia.

Medard alikuwa wa mwisho kutoka kwenye mbao. Mguu wake wa kulia ulikuwa umechanwa na makombe ya chaza kutoka kifundo hadi katikati ya goko. Hakujua hadi alipoiona damu. Wakati huo maji yalikuwa yamefika kwenye vioo vya gari. Tulisimama wote tukaliangalia. Wasichana wa kahawa walikuwa wanalia. Gari likalalia ubavu polepole, kioo cha upande wa abiria kikavunjika, kisha likabaki paa tu.

Nimeulizwa kuhusu pasipoti. Jibu: Medard alikaa chini kwenye mchanga. Mke wa Mwalimu Ou alikuwa anamfunga mguu kwa taulo. Mimi nikamwambia, "Pole, mdogo wangu. Gari litapatikana jingine." Akasema kwa Kiswahili, taratibu, "Dada Kissa, pasipoti yangu imo ndani. Na makaratasi yote ya Jumatatu." Ndipo nikaelewa. Alikuwa na miadi Jumatatu, tarehe 21, ya kuongezewa kibali cha kuishi, na kibali cha zamani kilikuwa kinaisha siku hiyohiyo. Barua ya mwajiri na nakala zote alikuwa amezichukua ofisini Ijumaa, akaziweka pamoja na pasipoti kwenye bahasha ya kahawia, ndani ya kidroo cha mbele ya gari. Bahasha hiyo niliiona kwa macho yangu saa sita mchana alipofungua kidroo kutafuta kiberiti. Niliona na jalada la pasipoti likichungulia. Nilimwambia aangalie isidondoke, kisha nikaisahau.

Ofisa Kuang amenieleza kwamba baadhi ya watu husema wamepoteza pasipoti pale kibali kinapokaribia kuisha. Nimesema ninalijua hilo, na kuulizwa hakuniudhi. Mimi nimeishi hapa miaka tisa na kila siku natembea na pasipoti yangu, kwa hiyo najua ni kitu gani mtu anapoteza.

Ofisa ameniuliza pia kwa nini hakuna aliyekwenda kuitoa bahasha wakati maji yalikuwa bado kwenye matairi. Ni swali zuri. Mimi mwenyewe nilimuuliza Medard swali hilohilo, usiku ule hospitalini alipokuwa anashonwa. Nilikuwa na hasira naye. Nilimwambia, "Nilikuwa nyuma yako! Ayi Liang alikuwa pembeni ya gari! Neno moja tu, mtu angefungua mlango akaichukua. Kwa nini hukusema?"

Alinijibu hivi, na ninayanukuu maneno yake kama alivyoyasema: "Ningesema, wewe ungeondoka kwenye ubao kwenda kuangalia. Na Ayi angeingia kwenye gari linalozama, mtu wa miaka sitini na miwili. Na wote wangeanza kufikiria karatasi. Nilitaka wamfikirie yule mtu."



Jumapili, tarehe 20, maji yalipotoka asubuhi, nilirudi ufukweni. Hakuna hata mmoja wa kikundi aliyekuwa ameondoka. Walilala kwenye magari yasiyo na vitanda. Walikuja pia Luo, mkewe mtarajiwa, na baba yake Luo, mzee mfupi aliyevaa mabuti ya mpira. Tulitafuta kutoka saa moja hadi saa sita, tukiwa tumepangana mstari mmoja kando ya maji, zaidi ya kilomita moja kila upande. Kidroo cha gari kilikuwa wazi na kimejaa mchanga. Tulipata sufuria, kiatu kimoja, mlango wa kabati, na kipande cha bahasha ya kahawia chenye muhuri wa kampuni. Kipande hicho nimekikabidhi leo kwa Ofisa Kuang. Pasipoti haikupatikana. Baba yake Luo aliendelea kutafuta peke yake hadi maji yalipomfika magotini, ikabidi mwanawe akamchukue.

Jumatatu, tarehe 21, Medard alikwenda kwenye miadi yake kwa saa aliyopangiwa, kwa magongo, bila karatasi hata moja. Mimi nilimsindikiza. Alieleza yaliyotokea. Alielekezwa kwa heshima aje kituo hiki kuandikisha upotevu, na kwamba anahitaji shahidi. Ndiyo sababu niko hapa.

Nimeulizwa kama nina faida yoyote katika jambo hili. Jibu: Medard akiondoka, mizigo yangu atasimamia mwingine, haitakwama. Sina faida.

Nimeulizwa kama ninaweza kuthibitisha tabia yake. Jibu: Kabla ya Jumamosi ningesema ni mtu mwema, anayechelewa kwenye ibada na anayependa gari lake kupita kiasi. Sasa nasema hivi. Mimi nimezoea kuona watu wakipima. Sokoni tunapima kila kitu, na mimi ni hodari wa kupima. Nilimwona Medard akipima. Upande mmoja kulikuwa na gari lake, kazi yake na ruhusa yake ya kuishi hapa, na yeye peke yake ndiye aliyekumbuka kwamba vyote vimo. Upande wa pili kulikuwa na mtu ambaye hakuwa anamjua hata jina. Alipima kwa muda wa pumzi mbili, hakutuomba tumhurumie, akarudi kuuliza habari za wali. Kama mimi ningekuwa mahali pake ningesema juu ya ile bahasha. Ningesema, na labda Luo angekuwa amekufa. Nimekuwa nikilifikiria hilo tangu Jumamosi na silali vizuri.

Nina moja la kuongeza, kama linaruhusiwa. Wale watu wengine, Ayi Liang, Mwalimu Ou na mkewe, wasichana wa kahawa na wenzao, nao wamepoteza vitanda, meza na magodoro, na hakuna aliyekuja kulalamika. Nilipomuuliza Ayi Liang atalala wapi safari ijayo, alinishangaa. Alisema mbao zipo dukani. Naomba majina yao yaandikwe.

Niliyoyasema nimeyaona, na niliyosikia nimesema niliyasikia kwa nani. Nimesomewa yote kwa Kiswahili, nikasahihisha mahali pawili, na hapa ndipo maelezo yangu yanapoishia.

Sahihi ya shahidi: Kissa Mwakibinga

Sahihi ya mkalimani: Swalha Abdulwakil

MAELEZO YA OFISA

Nimeyachukua maelezo haya mimi, Kuang Zhihao, na kuyafunga saa 10:20 jioni. Shahidi alijibu maswali yote bila kusita. Aliomba maji mara moja, alipoeleza majibu aliyopewa hospitalini.

Maelezo yanalingana na taarifa ya kikosi cha zimamoto, picha zilizotolewa na mpiga picha wa studio, na maelezo ya watu wengine kumi na watatu waliofika kituoni leo bila kuitwa, wakiwamo Luo Weijian, Tan Yuqing na baba yake Luo. Nimeridhika kwamba pasipoti ilipotea kama ilivyoelezwa na kwamba mwombaji hakukusudia kupitisha muda wa kibali. Nimetoa cheti cha upotevu, pamoja na barua kwa idara ya uhamiaji kuomba aruhusiwe kubaki hadi pasipoti mpya itakapotoka ubalozini. Idara imekubali kwa simu, saa 10:55. Majina aliyoomba shahidi yameambatanishwa, pamoja na pendekezo langu la kumtambua Medard Kaijage kwa kitendo cha ushujaa.

Medard Kaijage amekabidhiwa cheti saa 11:40 jioni. Alikisoma hadi mwisho, akakirudisha kwa sababu jina lake lilikosewa herufi moja. Kilichapishwa upya, akakipokea kwa mikono miwili. Alipotoka nacho kwenye ukumbi, watu waliokuwa wakimsubiri walisimama wote.

Sahihi: Kuang Zhihao